Kadi ya Kikombe Namba Tatu

Clifford Ormerod,
Kiwanja Na. 17,
Chama cha Bustani cha Thornshaw,
Lancashire.
Jumanne, 15 Oktoba

Kwa Bi. Marjorie Catlow,
Mwenyekiti.

Bi. Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHINDANO LA CHAI LA TAREHE 5 OKTOBA, NA OMBI LA BARUA YENYE MUHURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na konokono wameziacha kabichi zako angalau mpaka baridi ianze. Mimi si mzima sana, ingawa mwilini sina kasoro isipokuwa goti. Najua utashangaa kuandikiwa na mtu ambaye kiwanja chake kinapakana na chako, na ambaye jana tu alisimama nawe nusu saa nzima mkiisema mvua. Lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa ameshika ndoo ya samadi.

Naomba nianze na yale yasiyo na ubishi. Shindano lile nililipendekeza mimi. Kanuni zake kumi na moja niliziandika mimi. Kanuni ya tisa, isemayo kwamba uamuzi wa ulimi ni wa mwisho na hautakatiwa rufaa, niliiandika mimi na kuipigia mstari mara mbili, kwa kuwa nilikuwa na hakika mtu atakayetaka kukata rufaa ni katibu wetu, Bwana Desmond Pilling. Nayasema haya mapema ili nikupunguzie kazi ya kunikumbusha.

Unakumbuka tulikotoka. Kibandani kwetu kila mwanachama alikuwa akileta vifuko vyake vya chai na kuvitia katika kopo moja, na kila saa nne ya asubuhi mtu aliyeingiza mkono alitoa bahati yake. Desmond akitoa kisicho cha lile kasha la rangi ya chungwa analolipenda alikuwa anakaa kimya mpaka saa saba. Ndipo nikatoa hoja kwamba zile chai sita za kawaida, zinazonywewa katika kila nyumba ya mji huu, zionjwe bila kujulikana majina, na itakayopata alama nyingi ndiyo iwe chai ya chama. Sitaji majina ya kampuni. Kampuni hazijanikosea kitu. Nimejikosea mwenyewe.

Mimi na Kasha Jekundu mnatujua nyote. Ndiyo chai ninayokunywa kwa miaka arobaini na mitatu, vikombe vinne kwa siku, nikipikiwa na mke wangu Avril. Tulipokwenda Uhispania nilibeba vifuko themanini ndani ya soksi, na forodhani nikavieleza kimoja kimoja. Nimekwenda matangani na kifuko changu mfukoni. Hapo kibandani nimesema mara nyingi, tena bila kuulizwa, kwamba mkinifunga kitambaa machoni mkaniweka katikati ya chai mia, Kasha Jekundu nitaitambua kwa harufu kabla kikombe hakijagusa mdomo. Siku ya shindano niliyasema tena, kwa sauti, Desmond alipokuwa akibandika namba chini ya vikombe.

"Sawa, mzee wangu," alisema. "Tutaona."

Tukaona. Kasha Jekundu ilikuwa kikombe namba tatu, nami niliipa alama mbili kwa kumi. Kikombe namba tano, nilichokipa tisa na kuomba kuongezwa, kilikuwa cha ile pakiti nyeupe ya dukani isiyo hata na picha, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiiita chai ya wapaka rangi. Na kwa mujibu wa kanuni ya saba, niliyoiandika mimi kwa ajili ya uwazi, kadi za waonjaji wote zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo mpaka mwisho wa mwaka. Yangu iko katikati. Kwa faida ya kumbukumbu nainukuu yote:

"Kikombe Na. 3. Alama 2. Chungu bila sababu. Inaacha ulimi kana kwamba mtu amelamba mlango wa banda. Anayeinywa hii kila siku anastahili kuombewa, na anayempikia aulizwe alikosewa nini."

Jumapili, Avril aliniletea mikate ya mayai kiwanjani. Sikuwapo, nilikuwa nimekwenda kutafuta kamba. Akaingia kibandani kunisubiri, na kama ujuavyo, kibandani hakuna kingine cha kusoma. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya ubao, mikate mkononi.

"Mwandiko wako umekuwa mzuri siku hizi," akasema.

Nikamwambia vikombe vilichanganywa.

"Na mwandiko nao ulichanganywa?"

Tangu siku hiyo, Bi. Mwenyekiti, na leo ni siku ya tisa, chai yangu inakuja kwa wakati kama kawaida, ila kila akiiweka mezani Avril anasema, "Mlango wako huo, mpenzi." Kisha anafumba macho kidogo, ananiombea, na kuondoka. Hagombi wala hanuni. Ukimuuliza kama kuna tatizo anasema hakuna tatizo lolote, na wewe umeolewa, unajua neno hilo lina uzito gani.

Sitaki kuficha, naogopa. Sisi wawili si watu wa kusemeshana mambo ya moyoni. Siku mama yangu alipofariki, Avril hakusema neno, alinipikia chai. Siku kiwanda kilipofungwa alinipikia chai. Nikiamka na kukuta kikombe pembeni ya kitanda najua tuko sawa, na hiyo ndiyo barua ya mapenzi ninayoandikiwa kila asubuhi. Sasa amesoma, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba barua hiyo ina ladha ya mlango. Nataka atokee mtu mwenye mamlaka amwambie kwamba sikuwa nimeisema chai yake. Mtu huyo ni wewe. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo.

1. Vikombe. Tulionjea vikombe vyeupe, vyembamba, vyenye ua, vilivyoazimwa kanisani. Mimi nyumbani nanywea kikombe kikubwa cha buluu chenye mkono uliogundishwa. Mtu uliyemzoea akiwa na buti na koti la mvua, ukikutana naye amevaa suti unaweza kumpita. Naiomba kamati ikubali kwamba Kasha Jekundu ilikuja pale imevaa suti.

2. Maji. Nimefanya uchunguzi na nimegundua kwamba Desmond alijaza birika kwa maji ya bomba lile lile, kwa birika lile lile, akayachemsha kama tunavyoyachemsha siku zote. Hili ndilo linalonitia shaka zaidi. Mtu asiye na jambo la kuficha asingekuwa mwangalifu kiasi hicho.

3. Biskuti. Kanuni ya nne inakataza mwonjaji kula chochote kati ya kikombe na kikombe. Baina ya kikombe cha pili na cha tatu nilikula biskuti tatu za tangawizi. Uliniona, Bi. Mwenyekiti. Macho yetu yalikutana kwenye ya pili. Ulipoona naendea ya tatu ukanisogezea sahani. Mimi kama mtunga kanuni nilifahamu kosa langu, lakini kama mlaji nilihitaji msaada wa uongozi, nao sikuupata.

4. Kufinya. Avril, chai ikishakolea, hukifinya kifuko ubavuni mwa kikombe kwa kijiko, mara tatu. Desmond alifinya mara mbili. Nilimhesabia.

5. Bwana Nadeem Akhtar wa kiwanja namba 18. Naandika kwa uchungu, maana ni jirani mwema na vitunguu vyake ni aibu kwa vyangu. Wote tunajua kwamba ndani ya banda lake kuna sufuria, na ndani ya sufuria kuna maziwa, majani, iliki na tangawizi vikichemka pamoja mpaka vielewane, na wote tunajua kwa nini watu wa chama hiki wanaishiwa kamba kila saa tisa na kwenda kumwomba yeye. Siku ya shindano alionja vikombe vyote sita kwa adabu, akavipa alama moja moja, kisha akasema, "Bwana Cliff, nisamehe kaka yangu. Hii si chai. Haya ni maji ya moto yaliyosimuliwa habari za chai."

Nilicheka. Nilicheka nikiwa na kikombe namba tatu mdomoni, na sehemu yake ikapitia puani. Chai yoyote ikipitia puani haitendewi haki. Zaidi ya hayo, maneno yale yalikuwa ya kweli, na mtu hawezi kuonja vizuri akiwa ameambiwa ukweli muda mfupi uliopita.

6. Sasa naingia penye msingi wa jambo lenyewe. Kwenye kadi, chini ya nafasi ya alama, palichapishwa maneno "Maoni ya kweli". Nauliza kwa heshima, ni nani aliyeruhusu maneno haya? (Nimeangalia rasimu. Ni mimi.) Katika mji huu, Bi. Mwenyekiti, mtu akipewa chai anasema "Nzuri sana, asante," hata kama ni maji ya kuoshea brashi. Ndivyo tulivyolelewa. Mwaka juzi Desmond alichanganya kopo la sukari na la chumvi, akatugawia watu tisa, na watu tisa tukasema nzuri sana. Wewe uliomba nusu kikombe zaidi. Maua hayastawi kibandani kwetu, lakini ule mplamu chini ya dirisha umenenepa kwa chai iliyomwagwa na watu wenye adabu, na hakuna aliyewahi kuutaja.

Kumchukua mtu aliyeishi hivyo miaka sabini na mbili, kumpa kikombe kisicho na mwenyewe, mbele yake hakuna uso wa kuuonea haya, halafu kumwambia aandike anachofikiri, ni kumtega. Ni sawa na kumfungulia mtu mlango wa bafu akiwa anaoga. Nilichoandika pale hakikuwa maoni. Kilikuwa miaka yote iliyorundikana ikitafuta pa kutokea.

7. Hili la mwisho nasikitika kulileta, lakini mmenifikisha hapa. Ikiwa kamati itashikilia kwamba matokeo ni halali, basi itakuwa imetangaza rasmi kwamba mimi, Clifford Ormerod, siwezi kutofautisha kitu nilichokunywa miaka arobaini na mitatu na mlango. Sawa. Lakini ulimi huo huo ndio uliokuwa mwamuzi wa jamu katika maonyesho yetu ya Agosti kwa miaka kumi na minne. Ulimi huo ndio uliokupa wewe kikombe cha fedha kwa jamu yako ya plamu mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka ule wa mafuriko ambapo jamu ilikuwa ya kwako peke yako. Ulimi huo ndio ulioitoa achari ya Desmond katika raundi ya kwanza, jambo ambalo bado hajalisahau, na huenda sasa ataomba lifunguliwe upya.

Si hivyo tu. Mtu asiye na akili ya kuitambua chai yake hawezi kuaminiwa kuandika katiba, na katiba ya chama chetu niliiandika mimi mwaka ule ule niliorithi ufunguo wa kibanda. Katiba ikianguka, uchaguzi uliofanyika chini yake unaanguka. Uchaguzi ukianguka, sijui kama bado ninamwandikia Mwenyekiti au ninamwandikia tu jirani mwenye kabichi. Sisemi hivyo kwa kutisha. Naonyesha tu kwamba njia iliyo salama kwa sisi sote ni kukubali kwamba vikombe vilichanganywa.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu.

Kwanza, kadi yangu iondolewe ubaoni, na mahali pake pawekwe tangazo lolote, hata lile la minyoo.

Pili, matokeo yafutwe na Kasha Jekundu itangazwe kuwa haikushiriki kwa sababu za kiafya.

Tatu, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote, niandikiwe barua kwenye karatasi ya chama, yenye ule muhuri wa picha ya kitunguu, ikieleza kwamba kikombe namba tatu hakikuwa Kasha Jekundu bali kitu kingine. Mkitafuta wa kumlaumu, mtajeni paka wa Nadeem. Barua hiyo si ya kunisafisha mimi. Mimi nimeshachekwa, na kusema kweli nilikuwa nimestahili. Ni ya kuweka mezani kesho kutwa asubuhi, karibu na birika, mahali ambapo Avril ataiona kabla hajaniletea mlango wangu wa kwanza wa siku.

Nisalimie mumeo na mgongo wake. Msalimie Desmond, umwambie sina kinyongo naye, nina mashaka tu. Msalimie Nadeem, umwambie nimeishiwa kamba. Wasalimie na wanachama wote wa upande wa mtoni, pamoja na yule aliyechora mlango mdogo kwenye ukingo wa kadi yangu. Amechora vizuri, hata bawaba zinaonekana.

Wako, mwenye ulimi ulio chini ya uchunguzi,

Clifford Ormerod
(Mtunza Birika, Mwandishi wa Kanuni, Mwamuzi wa Jamu)

NYONGEZA, Jumatano asubuhi.

Bi. Mwenyekiti, naomba usifanye lolote kati ya niliyoomba hapo juu.

Leo asubuhi nilipanda ghorofani kutafuta stempu nikaiacha barua mezani bila bahasha. Niliposhuka Avril alikuwa amevaa miwani, amefika lalamiko la sita. Ningekimbia kama si goti. Alisoma mpaka mwisho, akazipanga karatasi zikalingana, akaniuliza, "Cliff, hii chai ulianza kuichukia lini?"

Majibu nilikuwa nayo. Nilikuwa na vikombe, nilikuwa na biskuti, nilikuwa na Nadeem. Nikasema, "Siku ya kwanza."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, sebuleni kwa mama yake, mimi nimevaa tai ya kuazima. Mama yake alinimiminia chai, baba yake akazima televisheni ili apate kunitazama vizuri, na mama akauliza, "Ikoje, mwanangu?" Nikasema, "Nzuri sana, mama. Sijapata kunywa chai nzuri kama hii." Nilikuwa namtaka binti yao, ningesema nini kingine? Avril akayasikia, akayaweka, na tulipooana akawa ananunua hiyo hiyo. Nikishasema vile ningeanzia wapi kusema vingine? Mwaka wa kwanza ilikuwa mapema mno. Mwaka wa pili nilikuwa nimeshachelewa.

Avril akavua miwani. "Mama mwenyewe alikuwa haipendi," akasema. "Alinunua kasha moja kwa sababu mgeni anakuja. Sisi siku zote tulikuwa tunakunywa ile ya rahisi."

"Na wewe?"

"Mimi? Hata kidogo. Nimeinywa kwa ajili yako, mjinga wewe."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona amekasirika siku zote hizi. Akasema hakukasirika hata kidogo, alikuwa anahesabu vikombe. Vinne kwa siku, miaka arobaini na mitatu, amepata elfu sitini na mbili na mia saba themanini. Hivyo ni vyangu peke yangu. Na vyake vivyo hivyo.

Nilitaka kucheka nikajikuta machozi yananitoka, jikoni, mchana kweupe, na yeye aliponiona akacheka mpaka akashika meza. Fikiria, Bi. Mwenyekiti. Kila mmoja alikuwa anakimeza kile kitu asubuhi na jioni ili mwenzake asisikie vibaya. Sijui kama kuna mtu aliyependwa kwa ujinga zaidi kuliko mimi, na sijawahi kujiona tajiri hivi.

Kisha akafungua kabati, akaingiza mkono nyuma ya unga, akatoa pakiti nyeupe iliyofika nusu. Ndiyo anayokunywa mimi nikiwa bustanini. Akanipikia, akakaa mbele yangu, akauliza, "Ikoje?"

Mdomo ulikuwa umeshaanza kusema nzuri sana. Nikaufunga. Nikasema, "Nzuri. Ila maziwa umezidisha."

Akalisukuma birika upande wangu. "Basi pika mwenyewe."

Nikapika. Nikafinya mara tatu. Nikampa, nikamuuliza na mimi ikoje. Akaonja, akafikiri, akaonja tena.

"Mbaya," akasema.

Kwa hiyo, Bi. Mwenyekiti, matokeo ni halali, kikombe chako cha fedha kiko salama, na barua ya muhuri siihitaji tena. Kadi yangu tafadhali iacheni ubaoni. Jumamosi Avril anakuja kubandika ya kwake pembeni, ya kikombe nilichompikia mimi.